Mkono Unaoandikia Watu
Mhadhara kwa watumishi wa biro na vijana wa sekretaria, mjini Kindu



Kabla sijaanza, naomba kila mmoja anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama chini, kama anayetaka kuandika hewani. Kaeni hivyo, msishushe mpaka niseme. Mikono hiyo haijabeba kitu, hata kalamu. Lakini mnasikia mabega yanavyoanza kuwaka? Na hatujafika dakika mbili. Haya, shusheni. Kijana anayeandika kwenye meza iliyo juu kuliko kisukusuku chake huishikilia mikono yake karibu namna hiyo saa nne au tano kwa siku, wala hajui kama anaishikilia. Jioni anasema amelogwa bega.

Nimefundisha daktilografia miaka mingi, katika madarasa ya biashara na utawala, tangu enzi za mashine za chuma zilizolia kengele mwisho wa mstari. Leo sikuja kuwafundisha kuandika upesi. Nimekuja kuzungumza juu ya maumivu ya vidole, vifundo vya mikono, mabega na shingo yanayowapata wanaoandika kwa kompyuta, na hasa juu ya sababu moja ambayo hapa kwetu naiona kubwa kuliko zote, ingawa sikuikuta katika vitabu nilivyosoma: Kindu tunaandika kwa kukimbizana na umeme.

Mnajua wenyewe. Umeme unakuja na kuondoka. Jenereta inawashwa pakiwa na mafuta, na mafuta yana hesabu. Mkuu anasema: lita zilizobaki zinatosha saa tatu, ripoti itoke leo. Basi kazi ya kutwa nzima inasukumwa ndani ya saa tatu. Hakuna anayesimama, hakuna anayekunywa maji, kwa maana kila dakika ya kupumzika inaonekana kama mafuta yanayomwagwa chini. Mwenye kompyuta ya kubeba naye anatazama alama ya betri ikishuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo anavyozidi kubonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu itarefusha betri. Nendeni kwenye sekretaria za barabarani, wanakoandikia watu kwa malipo, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu wanamalizia kazi zao za mwisho wa masomo. Kijana analipwa kwa ukurasa. Wanafunzi wamejipanga mlangoni na kila mmoja anataka kazi yake kesho asubuhi. Kijana huyo anaandika usiku kucha, siku tatu mfululizo, kisha wiki nzima hana kazi. Hakuna mkono unaopenda mpango wa namna hiyo. Mtu aliyezoea kulima kidogo kila siku haumii kama yule aliyekaa mwezi mzima, halafu akalima shamba zima siku moja.

Mwaka 2023, wapigakura walipoandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, vijana wetu wengi walipata kazi ya kuingiza majina kwenye mashine za kuandikisha. Nilizungumza na baadhi yao baadaye. Hakuna aliyelalamikia kazi yenyewe, walifurahi kuipata. Lakini walinionyesha palepale, bila mimi kuuliza, wapi panauma: hapa chini ya gumba, na hapa kati ya shingo na bega.

Tuangalie sasa mkono wenyewe, maana asiyejua unavyofanya kazi hatajua kuulinda. Msuli unaokunja kidole haukai kidoleni. Wekeni mkono wa kulia juu ya kigasha cha kushoto, kisha chezesheni vidole vya kushoto. Mnausikia msuli ukicheza huku juu, karibu na kisukusuku? Kutoka huko unavuta kidole kwa kano ndefu inayopita kwenye kifundo cha mkono. Mwenye kinga, baiskeli yetu ya mizigo, analijua jambo hili vizuri. Waya wa breki ukipita umenyooka ndani ya ala yake, unateleza. Ukipindwa, unasugua, ala inachakaa, na mwisho breki inakaza. Kano zetu nazo zina ala. Kifundo kikikaa kimenyooka, zinateleza. Kikipinda juu kwa sababu kimelazwa kwenye ncha ya meza, au kikipinda kwenda pembeni kwa sababu kompyuta ni ndogo na mabega ni mapana, kila herufi ni msuguo mmoja. Kurasa kumi ni maelfu ya misuguo.

Tena njia ile ya kifundoni ni nyembamba. Chini na pembeni kuna mifupa, juu kuna ukanda mgumu, na katikati zinapita kano 9 pamoja na neva moja. Ala za kano zikivimba, neva ndiyo inayobanwa. Hapo mtu anaamka usiku mkono umekufa ganzi, hasa gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na anaukung'uta mkono ili damu irudi, ingawa si damu iliyokosekana. Ugonjwa huu huwapata zaidi mama wajawazito na wenye kisukari, hata wale wasiogusa kompyuta. Sitaki mtoke hapa mkidhani kila ganzi imeletwa na mashine. Watafiti wa Denmark walifuatilia wafanyakazi wa kompyuta maelfu kadhaa, wakachapisha matokeo mwaka 2003: hawakuona kwamba klavye ndiyo inayoleta ugonjwa huo, ila waliotumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki walikuwa na dalili hizo zaidi. Kwa hiyo ganzi inayorudi kila usiku ipelekwe kwa daktari. Msinywe dawa za sokoni mkaendelea kuandika.

Kuna watakaosema haya ni maradhi ya kisasa, maradhi ya watu laini. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na katika toleo la 1713 akaongeza habari za makarani na waandishi. Walikuwa wakiandika kwa manyoya ya ndege. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda upande uleule bila kukoma, na akili iliyokazwa kwa hofu ya kuharibu hesabu ya tajiri. Ongezeni jenereta hapo, mtaona anatuzungumzia sisi. Alieleza pia habari za karani mmoja aliyemfahamu. Mkono wake wa kulia ulianza kwa uchovu, dawa zote zikashindwa, mwisho ukapooza kabisa. Yule bwana akajifundisha kuandika kwa kushoto. Haikupita muda mrefu, mkono wa kushoto nao ukashikwa na maradhi yaleyale.

Nawaomba mkae na habari hiyo kidogo, kwa sababu alichofanya karani huyo ndiyo dawa ninayosikia ikitolewa kila mahali: hamishia kipanya kushoto, yataisha. Kubadilisha mkono ni jambo jema kama mkono unaoachwa unapumzika kweli na ule unaopokea haulemewi. Lakini yule karani alihamisha mzigo tu, hakuupunguza.

Uingereza waliona hivyohivyo kwa watu wa telegrafu, waliogonga kitufe kimoja kutwa nzima. Mwaka 1908 mkakamao wa mikono yao uliwekwa katika orodha ya maradhi ya kazi yanayolipiwa fidia. Hiyo ni kabla ya reli ya Kindu hadi Kongolo kukamilika. Na mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani lilipopitia upya orodha yake ya maradhi ya kazi, liliandika kwa majina uvimbe wa kano za gumba na ugonjwa wa neva ya kifundoni. Mtu akikucheka bironi kwamba kidole hakiwezi kuwa ugonjwa, mwambie kimeandikwa.

Wanafunzi wangu wa zamani mlioko hapa mnakumbuka mashine zetu. Zilikuwa nzito, kubonyeza kulitaka nguvu. Mbona basi hatukuumia kwa wingi kama vijana wa leo? Sababu moja ni kwamba tulifundishwa: vidole kumi, mgongo umenyooka, visukusuku karibu na mbavu, vifundo hewani. Leo kila mtu anajifundisha mwenyewe, kwa vidole viwili. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Ile mashine ilikuwa inatukatiza. Mstari ukiisha, mkono wa kushoto unaacha herufi na kusukuma gari lirudi. Ukurasa ukiisha, unatoa karatasi, unapanga nyingine na kaboni katikati, unazungusha. Ukikosea, unafuta, unapuliza. Unainuka kufuata faili kabatini. Hakuna aliyeyaita hayo mapumziko, lakini mkono uliyajua. Kompyuta imeyaondoa yote. Mstari unajirudisha wenyewe, karatasi haina mwisho, faili liko palepale kwenye kioo. Pumziko lililokuwa ndani ya chombo limetolewa, na hakuna aliyelirudisha.

Mimi mwenyewe niliumia, na nitawaeleza. Ilikuwa 2006. Nilipewa orodha ndefu za majina na tarakimu katika biro moja ambayo sitaitaja. Gumba la kulia lilianza kuuma siku ya nne. Nikamwambia mkubwa wangu, akanijibu kwamba nitapumzika kazi ikiisha. Nikafunga kitambaa, nikapaka mafuta, nikaendelea. Mwanzoni maumivu yalikuja nikiandika na kuondoka usiku, nikayadharau. Baadaye nikawa naamka nayo. Mwishoni yakanikuta hata nisipofanya chochote. Kazi iliisha kwa wakati wake, na mimi nikakaa miezi mitatu siwezi kusonga bugali. Binti yangu ndiye aliyeshika mwiko. Kama ningesimama siku ile ya nne kwa siku mbili tu, naamini ningepona haraka. Kwa hiyo sikilizeni hatua hizo tatu: maumivu yanayolala usiku, maumivu yanayoamka na wewe, maumivu yasiyongoja kazi. Simameni kwenye ya kwanza.

Nimetaja mwiko. Mama anayetoka bironi mkono umechoka anakuta sombe inamngoja kwenye kinu. Anatwanga, anachota maji, anasonga. Anaporudi asubuhi kwenye klavye, mkono haujapumzika tangu jana yake. Mwanamume aliyeandika kurasa sawa na zake amekaa kitini jioni yote. Ninapoona akina mama wengi wakiniletea mikono yao kuliko akina baba, siendi mbali kutafuta sababu. Baba, shika mchi. Hilo ni tiba.

Sasa meza. Meza nyingi za biro zetu zina urefu wa sentimita 75 hivi, kwa sababu zilitengenezwa kwa kuandika kwa kalamu. Klavye inataka kukaa sawa na kisukusuku mtu akiwa ameketi na mabega yamelegea, na kwa wengi wetu hiyo ni kama sentimita 65 hadi 68. Huhitaji kuagiza meza kutoka Goma. Seremala wa mtaani na msumeno wake wanatosha: kata miguu. Kama meza si yako, inua kiti kwa mto mgumu, na miguu ikining'inia weka kipande cha ubao chini yake. Kiti cha plastiki kinachobonyea katikati si kiti cha kuandikia kutwa, ila kikiwekewa ubao na kitenge kilichokunjwa nyuma ya kiuno kinavumilika.

Kompyuta ya kubeba ina shida yake peke yake. Kioo na klavye vimefungwa pamoja, kwa hiyo ukiiweka chini mikono inafurahi na shingo inainama, ukiiweka juu shingo inafurahi na mikono inaning'inia. Njia ni kuvitenganisha. Rame moja ya karatasi ina unene wa kama sentimita 5. Panga rame tatu, weka kompyuta juu, ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha chomeka klavye ya pembeni na kipanya mezani. Klavye ya pembeni ndiyo kitu cha kwanza ningenunua kama biro ingenipa fedha kidogo, kabla ya printa mpya.

Na klavye zetu, zile za Kifaransa zinazoanza na A, Z, E, R, T, Y, zina mtego. Tarakimu za mstari wa juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Anayeandika orodha ya mishahara kwenye kompyuta ndogo isiyo na tarakimu upande wa kulia anakibana kitufe hicho kwa kidole cha mwisho cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, mara mia kwa ukurasa. Msivumilie. Kwenye klavye nyingi za Kifaransa ukifunga kitufe cha kudumisha herufi kubwa, tarakimu zinatoka zenyewe. Pia ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa mara 5 mfululizo, Windows itakuuliza kama unataka vitufe vinavyonata, yaani ubonyeze na kuachia, kisha ubonyeze tarakimu bila kushikilia.

Kuhusu namna ya kupeleka mkono, sina mwalimu bora kuliko Mgenia, mpiga kafi anayewavusha mto kwenda Alunguli. Mtazameni. Haupigi mto kwa kifundo. Kifundo kimenyooka, nguvu inatoka mgongoni na begani, na baada ya muda anahamisha kafi upande wa pili. Wewe pia, herufi ikiwa mbali, peleka mkono mzima badala ya kukitia kifundo nanga mezani na kunyoosha kidole. Kipanya kikae karibu na klavye, kisimfanye mtu anyooshe mkono kama anayeomba.

Simu msiisahau. Ripoti nyingi sasa zinaandikwa kwa magumba mawili, kwenye WhatsApp, mtu ameinama barazani. Kano za gumba ndizo daktari wa Uswisi Fritz de Quervain alizozieleza mwaka 1895, na ndizo zilizoniumiza mimi. Maneno mawili andika, sawa. Ripoti nzima, tuma kwa sauti, au ngojea klavye.

Sheria ipo, nitaigusa tu. Kanuni ya Kazi ya 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inazungumzia pia kamati za usalama na usafi kazini, na mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, una tawi la ajali na maradhi ya kazi. Mwenye mkataba aijue na aidai. Lakini kijana wa sekretaria anayelipwa kwa ukurasa hana mkataba wala kamati, na watumishi wa serikali wana sheria yao nyingine. Siwezi kuwaambia watu hao wangoje sheria iwafikie. Kinachoweza kuwafikia kesho ni utaratibu wa kazi, na huo uko mikononi mwa anayewasha jenereta.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wakuu wa biro na wenye sekretaria. Wakaguzi wa afya kazini wa Uingereza wanashauri mapumziko mafupi ya mara kwa mara: dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa 2. Najua mtaniambia mafuta hayatoshi. Basi sikilizeni hesabu ya mafuta. Katika saa tatu za jenereta, mkisimama dakika 3 kila nusu saa mnasimama mara 5, jumla robo saa. Tarakimu moja iliyokosewa kwenye orodha ya mishahara na mkono uliochoka inakula zaidi ya robo saa kuisahihisha.

Na kuna njia isiyopoteza hata dakika hizo. Nimeijaribu na wanafunzi wangu na inakwenda. Wakati hakuna umeme, kazi yote ya kufikiri ifanywe kwa kalamu: kuandika rasimu, kusahihisha, kupanga orodha. Jenereta ikiwaka, wakae watu wawili kwa kila mashine. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika bila kugeuza shingo kwenye karatasi. Nusu saa ikipita wanabadilishana. Mashine haisimami, mafuta hayamwagiki, mikono inapumzika kwa zamu, na makosa yanapungua kwa sababu macho ni manne.

Jumatatu, kabla hamjavuta kamba ya jenereta, pangeni nani ataandika nusu saa ya kwanza na nani atasoma.